Herufi zikipinda kwenye kofia, angalia fremu kwanza

Wenzangu mnaodarizi kofia hapa Kisumu: herufi zikipinda, au uzi ukikatika kila ukifika mshono wa katikati, msikimbilie kukaza tensheni ya uzi. Mara nyingi kosa liko kwenye fremu, kile kibanio kinachoshika kofia kwenye mashine. Bonyeza paji la kofia kwa kidole. Likidunda kama godoro, kitambaa kitapanda na kushuka na sindano, na mishono itarukwa. Ifungue, geuza ukanda wa jasho nje kabisa, vuta kofia ilale bapa, ndipo ukaze upya.

Sindano: kwenye kofia yenye paji gumu natumia saizi 80/12 yenye ncha kali, kwa kuwa iliyo nyembamba zaidi hupindishwa na ule mshono mnene ikavunjika. Spidi nateremsha hadi mishono 600 hivi kwa dakika, hata kama mteja amesimama mlangoni na bodaboda yake inanguruma.

Lililonisumbua zaidi ni mpangilio wa mchoro. Anza chini, karibu na mdomo wa kofia, ukipanda juu, na toka katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, kitambaa kinasukumwa hadi kinajikunja katikati, na hapo hakuna pasi itakayokuokoa.