Usimpasue kupe kwa kucha
Wafugaji wa Igunga na Nzega, mkoani Tabora, waliozoea kumng'oa kupe kwenye ng'ombe na kumpasua kwa kucha wanapaswa kujua kwamba virusi vya homa ya Crimea-Kongo, ugonjwa hatari unaoweza kumfanya mtu atokwe damu, humwingia binadamu si kwa kuumwa na kupe tu, bali pia kwa kugusa majimaji ya kupe aliyepondwa au damu ya mnyama aliyetoka kuchinjwa, hata kama mnyama huyo alionekana mzima kabisa. Vaeni glavu. Kupe aliyeng'ang'ania mwilini ashikwe kwa kibano karibu na ngozi, avutwe taratibu bila kupindwa. Mafuta ya taa, ambayo wengi bado huamini kuwa humtoa kupe, yabaki kwenye kibatari. Homa ya ghafla ikitokea ndani ya wiki mbili baada ya kuumwa na kupe au kugusa majimaji yake, mwelezeni daktari habari za kupe, kwa kuwa dalili za mwanzo hufanana na za malaria.