Kisia alama kabla hujajibu: namna ya kujisimamia kwenye kozi ya mtandaoni

Mdogo wangu anauza vipuri vya pikipiki Morogoro. Alimaliza video 31 za kozi ya Excel kwa siku tisa, akaja kwangu Jumapili akiwa na furaha tele. Nikamfungulia orodha ya wateja na madeni yao, nikamwambia, "Nitafutie deni la mmoja wao kwa VLOOKUP," yaani fomula ya Excel inayotafuta jina kwenye orodha na kuleta namba iliyo mbele yake. Akaikodolea macho skrini. "Kaka, hii naijua, video yake nimeitazama mara mbili."

Ndiyo shida yenyewe. Mwalimu akifanya mbele yako, unahisi umefanya wewe. Utaratibu tuliouanza siku hiyo ni huu.

1. Nunua kaunta buku ya kuandikia kila kikao cha kujifunza. Zipo programu za simu za kazi hii. Mimi sizitaki. Ukishika simu uandike mistari miwili, unakutana na ujumbe wa kikoba, na unatoka WhatsApp saa tano usiku.

2. Andika lengo la kikao, si la kozi. "Kujifunza Excel" si lengo. "Kutafuta deni la mteja kwa fomula bila kuangalia popote" ni lengo, maana mwisho wa kikao utajua umeweza au hujaweza. Andika na saa ya kuanza. Kama bando linakusumbua, pakua video usiku. Dakika 25 kisha pumziko fupi, ule mtindo wa Pomodoro wa Mwitaliano Francesco Cirillo, zinamtosha mtu aliyeshinda dukani.

3. Tazama. Simamisha kila fomula mpya inapoandikwa. Usiongeze kasi.

4. Funga kila kitu, andika unachokumbuka. Bila kurudi nyuma kuchungulia. Inaudhi, lakini inalipa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baada ya dakika 5, waliokisoma mara mbili walikumbuka asilimia 81, na waliosoma mara moja kisha wakajipima asilimia 75. Baada ya wiki meza ikapinduka: 42 kwa waliorudia kusoma, 56 kwa waliojipima.

5. Kisia alama, jibu, kisha tafuta sababu ya tofauti. Hapa ndipo nilipopotezea muda mwingi mimi mwenyewe. Kwenye kozi yangu ya kwanza niliandika kwa miezi mitatu "leo nimeelewa vizuri", "leo sikuwa makini". Nilipokuja kuyasoma, hapakuwa na sentensi hata moja iliyonionyesha nifanye nini kesho.

Kabla ya kugusa jaribio, andika pembeni: nadhani nitapata ngapi kati ya 10? Mdogo wangu aliandika 9. Akapata 4. Sasa usikimbilie majibu sahihi. Ukishayaona, kila kosa linageuka "aa, hili nililijua". Andika kwanza sababu unayoidhani.

Aliandika: "Nilisahau FALSE." Ni kweli, hakuiweka mwishoni mwa fomula, sehemu ya nne, ambako neno hilo huiambia Excel ilete jibu linalolingana kabisa tu. Ukiiacha hiyo sehemu ya nne, Excel inachukulia unataka jibu la kukaribia na kwamba orodha imepangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa. Orodha yake haikupangwa, kwa hiyo ikamletea deni la mtu mwingine kabisa, bila alama yoyote ya kosa. Fikiria umempigia mteja simu kwa deni hilo!

Lakini "nilisahau" bado si sababu. Nikamuuliza, ulisahau kwa nini? Akasema, "Haraka." Nikauliza tena. Mara ya tatu ndipo ikatoka: alikuwa anapakua faili la mwalimu lenye fomula tayari, anabadilisha majina tu. FALSE hakuwahi kuiandika kwa mkono wake hata mara moja. Mtu hasahau kitu ambacho hajawahi kukifanya. Basi lengo la kikao kilichofuata likabadilika: anza na faili tupu, andika mwenyewe herufi kwa herufi. Barry Zimmerman, mwanasaikolojia wa Marekani, aliigawa kazi hii ya kujisimamia katika kujifunza katika awamu tatu: kupanga, kutenda na kujitafakari, na ya tatu ndiyo inayolisha ya kwanza inayofuata. Kama ulichoandika hakikubadilishi mpango wa kesho, umeandika shajara tu.

Tahadhari mbili tatu. Usikisie chini makusudi ili ujifurahishe; hiyo namba haioni mtu mwingine zaidi yako. Kama mfumo unaruhusu kurudia jaribio, hesabu la kwanza tu, maana la tatu linapima kumbukumbu ya maswali. Na ukikisia 5 ukapata 9, hiyo nayo ni tofauti, itafutie sababu. Mara nyingi kumbe ulibahatisha.

6. Ijumaa, soma kurasa za wiki. Dakika kumi. Tafuta sababu iliyojirudia, ipigie mstari.

Mdogo wangu sasa yuko video ya 14, mara ya pili. Ukurasa wake wa juzi una mistari miwili: "Kisio 7, nimepata 6. Nilivuta fomula chini bila kufunga eneo kwa $, likashuka nayo." Alama ya $ ndiyo inayozuia eneo la orodha lisihame fomula inapovutwa. Chini yake amechora orodha ya vipuri kumi, atakayoitumia kesho badala ya faili la mwalimu.