Kabla hujakopa uliza jumla, na kama madeni yameshakuzidi anzia hapa

Wengi tukienda kukopa swali letu la kwanza ni "rejesho kwa mwezi ngapi?" na likionekana dogo tunasaini, hapo ndo tunapoumia. Uliza hivi, mpaka namaliza ntakua nimetoa jumla ngapi? Toa ile uliyokopa, kinachobaki ndo gharama ya kutosubiri, sasa jipime kama kitu unachokitaka kinastahili hiyo hela ya juu.

Mfano umeambiwa riba asilimia 10, unaona ndogo, kumbe ni kwa mwezi. Ukikopa 100,000 usilipe kitu na riba ikawa inaongezwa juu ya deni, baada ya miezi 12 unadaiwa zaidi ya 313,000. Na hiki ndo kinawakuta wanaokopa huku walipe kule, kila mwezi mkopo mpya unafunga wa zamani, mtu anajiona mlipaji mzuri kumbe deni ni lile lile tu linanenepa.

Halafu uliza riba inapigwaje. Kuna ya kwenye salio, yani deni lililobaki, inashuka kadri unavyolipa, na kuna inayopigwa kwenye mkopo mzima mwanzo hadi mwisho. Ukichukua 120,000 kwa mwaka, asilimia 12 ya hii ya pili, unarudisha 134,400, yani 11,200 kila mwezi, ila mwezi wa 7 ushamaliza nusu ya mkopo na bado unatozwa riba kama vile hela yote unayo wewe. Ukiigeuza iwe ya kwenye salio inakua kama asilimia 21 hivi, so mkopo wa asilimia 18 ya kwenye salio ni nafuu kuliko huo wa 12!

Kama tayari umezama, kaa chini andika madeni yote, hata ya ndugu na rafiki, unadaiwa kiasi gani, riba ngapi, tarehe gani. Inauma kuiangalia hiyo karatasi najua, lakini bila hiyo utakua unamlipa anayepiga kelele zaidi badala ya anayekula zaidi. Lipa kiwango cha chini kwa wote, ziada yote peleka kwenye deni lenye riba kubwa. Wengine wanaanza na deni dogo ili wapate moyo, sio mbaya, ila mi naona riba kubwa ndo ife kwanza.

Ukiona rejesho halitapatikana piga simu KABLA ya tarehe. Anayekudai akikuona unakuja mwenyewe mara nyingi mnaongea vizuri, ukizima simu unaongezewa faini tu. Wakikuongezea muda sawa, ila kumbuka muda mrefu na riba nayo ndefu.

Na kumdhamini mtu hesabu kama umekopa wewe, asipolipa wanakuja kwako. Kama hilo deni huliwezi mwambie hapana mapema.

Matumizi ya kila siku yapangie hela iliyoshaingia mkononi, sio ile "wiki ijayo kuna mtu atanilipa". Deni moja likiisha lile rejesho lisiende likizo, lihamishie deni linalofuata, na yakiisha yote endelea kulitoa vile vile kila mwezi ila sasa liwe akiba ya dharura, maana ugonjwa au kitu kuharibika ghafla ndo vinaturudishaga kukopa.