Chakula laini kwa mtoto aliyewekewa nyaya za meno

Mtoto hutoka kliniki akiwa mzima, anaomba chipsi, na wewe unadhani mambo ni mepesi. Maumivu huanza saa chache baadaye, hukolea siku ya kwanza na ya pili, kisha hupungua taratibu mpaka wiki inapoisha. Waya unayasukuma meno, na nyuzi zinazolishikilia kila jino kwenye taya zinabanwa na kuvimba. Ndiyo maana hata ganda la mkate linaweza kumliza. Basi chakula cha jioni hiyo kipikwe mapema, kabla hamjaenda kliniki.

Kipimo cha ulaini ni ulimi. Weka chakula mdomoni, kibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa. Kikipondeka bila meno kukutana, kinafaa kwa siku mbili za mwanzo.

Mtori ndio chakula cha kwanza kukifikiria, maana unashiba kweli. Chukua ndizi mbichi 6, nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa robo kilo, kitunguu 1, karoti 1 na maji vikombe 6. Chemsha nyama na chumvi kwa moto mdogo mpaka iive kabisa, kama saa moja na nusu, na uongeze maji yakipungua. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaichambua nyama kwa mkono. Nyuzi za nyama hujiviringisha kwenye vile vitufe vya chuma vilivyogundishwa kwenye meno, mtoto anazivuta kwa kidole, na waya unapinda. Isage nyama kwenye blenda pamoja na kikombe 1 cha supu yake. Menya ndizi na uzitie kwenye maji papo hapo zisiwe nyeusi, zichemshe na karoti na kitunguu ndani ya supu iliyobaki kwa dakika 30, ponda kwa kipekecho, rudisha nyama, acha ichemke dakika 5. Mtori ukipoa hukaza. Uzimue kwa supu au maziwa ya moto.

Mpe ukiwa vuguvugu, usiwe wa moto. Waya wa mwanzo mara nyingi ni wa nikeli na titani, ambao hukaza zaidi ukipata joto na hulegea kidogo ukipata baridi. Mtindi wa friji, parachichi lililosagwa na maziwa baridi, au maji baridi tu, humpa nafuu ya muda. Barafu asitafune.

Uji peke yake hautoshi. Mtoto ataamka usiku na njaa. Koroga unga wa ulezi vijiko vikubwa 4 kwa maji vikombe 2, upike dakika 15, ongeza maziwa kikombe 1, na mwishoni siagi ya karanga laini kijiko 1. Unga wa lishe uchekeche kwanza, kwani chenga za karanga na soya hukwama. Sukari iwe kidogo: uji mtamu hung'ang'ania kandokando ya vitufe, na usiposwakiwa huacha madoa meupe kwenye jino yasiyofutika kirahisi. Aswaki kila baada ya kula, hata kama panauma, kwa mswaki laini.

Kuanzia siku ya tatu ongeza mayai ya kuvuruga, viazi vitamu, boga la nazi, minofu ya samaki iliyokaguliwa miba, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Wali uongezewe nusu kikombe cha maji kwa kila kikombe cha mchele. Wali bokoboko unaolaumiwa siku nyingine ndio anaouhitaji sasa. Chapati ikatwe vipande vidogo, ilowe kwenye mchuzi. Manjano na bizari hupaka rangi vile vimpira vidogo vinavyoshika waya; meno hayadhuriki, na vimpira hubadilishwa kliniki, ila mtoto aambiwe mapema asishtuke.

Maumivu yakiisha ndipo hatari inapoanza, kwa sababu anajiona amepona. Kitufe kinashikwa na gundi tu. Akimenya muwa kwa meno ya mbele, au akiguguna hindi la kuchoma, kinabanduka, na jino hilo linaacha kusogea inavyotakiwa mpaka kirudishwe. Bisi, korosho, kashata, ubuyu, tofi na mifupa visubiri mpaka nyaya zitolewe. Tufaha na karoti mbichi zikatwe vipande vyembamba, atafune kwa magego.

Nyaya hukazwa kila baada ya wiki kadhaa, na kila mara meno huuma tena siku moja hadi tatu. Pika mtori mwingi, uugawe kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja, andika tarehe, weka friza. Ukiyeyuka hujitenga na maji. Upashe moto huku ukipekecha mpaka urudi kuwa mzito.