Estepona: usiishie kwenye vichochoro vya maua
Ukifika Estepona, kusini mwa Hispania, usiridhike na vichochoro vyeupe vya mji wa kale na vyungu vyake vya maua. Michoro ya ukutani ni zaidi ya 50, na mingi iko nje ya hapo, kwenye kuta za maghorofa wanamoishi watu. Omba ramani yake ofisi ya utalii, uvae viatu vya kutembelea.

Kama muda ni mfupi, nenda kwenye mchoro wa “Día de pesca” (Siku ya Uvuvi) wa msanii José Fernández Ríos, unaoonyesha mvuvi aliyechorwa kwenye kuta za majengo 6. Ukiwa karibu unaona vipande tu. Rudi nyuma, sogea taratibu kushoto na kulia mpaka kuta zote ziungane kuwa picha moja. Inapendeza mno!