Kabla ya Kusafiri Mbali na Honda ST1100 ya Zamani: Mambo ya Kuzingatia

Injini ya Honda ST1100 haina haraka ya kuchoka. Kinachotangulia kuchoka ni mpira, waya na chuma kilichoizunguka, na hivyo vitatu havihesabu kilomita; vinahesabu miaka. Pikipiki hii, ambayo Ulaya hujulikana kama Pan-European, ilitoka mwaka 1990 na kuendelea kuundwa hadi 2002, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imeshapita miaka 20. Ndiyo maana yenye kilomita 40,000 iliyolala gereji miaka minane mara nyingi huhitaji kazi zaidi kuliko yenye 130,000 iliyokuwa ikitembea kila wiki. Anayeinunua leo ili apige nayo safari, kisha akaanza kwa kufunga taa za ziada na boksi jipya, ameanzia mwishoni. Kwanza irudi kwenye hali yake ya asili, ndipo ibadilishwe.

Kwa walio Uingereza, kazi ya kwanza haihitaji hata spana. Tovuti ya serikali huonyesha bure kumbukumbu za MOT, yaani ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa chombo, kwa kuingiza namba ya usajili. Soma umbali uliotembea kila mwaka, tazama miaka ambayo pikipiki haikukaguliwa kabisa, na uzingatie maonyo yanayojirudia. Neno kutu likitokea miaka miwili mfululizo, basi lala chini na tochi kabla hujatoa pesa.

Mahali pa kutazama kwanza ni mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu. Ni wa chuma, una uwazi ndani, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huingia na unyevu ukakaa humo. Kutu hula kutoka ndani kuelekea nje, hasa pale mkono unapoungana na bomba la kukingama, upande wa chini ambako jicho halifiki. Rangi inaweza kung'aa huku chuma kimebaki kama karatasi. Gongagonga eneo lote la maungio kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu, na ncha ya bisibisi ikizama hakuna mjadala. Usikubali kiraka cha kulehemu hapo. Tafuta mkono mwingine mzima, na kabla ya kuufunga upulizie nta ya kuzuia kutu ndani.

Sasa injini yenyewe. Ni V4 ya cc 1,084, yaani silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, imekaa kwa urefu wa pikipiki, na silinda zake zimetokeza pembeni kiasi kwamba plagi zinafikiwa bila taabu. Taabu iko katikati, kwenye bonde la V. Huko, chini ya boksi la hewa na kabureta nne, kuna paipu za maji, themostati na paipu ndogo za vakyumu, vyote vikiokwa na joto la injini tangu siku pikipiki ilipotoka kiwandani. Mpira wa huko hukauka ukawa mgumu kama mti. Vibano hulegea, maji huanza kuvuja matone madogo ambayo hukauka kabla ya kufika chini, na dalili pekee ni harufu tamu ya kulanti (maji ya kupoza injini) wakati injini ina joto na chupa ya akiba inayopungua bila sababu. Paipu za vakyumu zikipasuka, injini hupandisha na kushusha mizunguko ikiwa imesimama, na fundi asiyeijua pikipiki hii atahangaika na kabureta ambazo hazina kosa.

Ushauri hapa ni mmoja na tunausisitiza: ukishafungua hadi bondeni, maliza yote kwa safari moja. Badilisha kila paipu ya maji, kila paipu ya vakyumu, themostati na oringi zake, na vibano vyote. Vifaa hivyo ni bei ndogo. Kinachogharimu ni saa za kufungua na kufunga. Anayebadilisha paipu moja iliyovuja na kuziacha nyingine atarudi bondeni mwaka ujao. Andaa pia bisibisi za JIS, kiwango cha viwanda cha Japani, kwa sababu skrubu za nyota za Kijapani si sawa na za Kizungu. Bisibisi ya kawaida haikai sawasawa, huteleza na kula kichwa, na skrubu ya kabureta iliyoliwa kichwa huweza kukupotezea siku nzima. Unapojaza maji mapya, tumia kulanti isiyo na silikati, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Silikati husaga sili ya pampu ya maji. Kisha iache injini ingurume hadi feni iwake yenyewe. Isipowaka wakati sindano ya joto inapanda, usitoke getini.

Kabureta za pikipiki iliyolala muda mrefu huziba jeti ndogo zinazolisha injini ikiwa imesimama. Petroli hukauka ikaacha gundi. Dalili yake ni pikipiki inayowaka kwa choki tu na kuzima ukiirudisha. Dawa za kumwaga kwenye tangi husaidia uchafu mwepesi, lakini jeti iliyoziba kabisa hutaka kufunguliwa na kusafishwa kwa mkono. Zikisharudi, zilinganishwe kwa geji ya vakyumu, mizunguko ikae kwenye 1,000 kwa dakika. Kumbuka pia kwamba petroli ya kawaida ya Uingereza tangu 2021 ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli huvuta unyevu na huonea mpira wa zamani. Weka E5, ile ya daraja la juu, hasa kabla ya kuiegesha kwa msimu wa baridi. Tangi ni la lita 28 na liko chini ya kiti, si pale mbele linapoonekana kuwa, kwa hiyo lijaze hadi juu kabla ya kuegesha ili kupunguza hewa na kutu ndani.

Vali huendeshwa kwa mkanda wenye meno, kama wa gari. Mkanda huo hudumu sana, na hapo ndipo wengi hujisahau. Ondoa kava la mbele uutazame: nyufa kwenye mizizi ya meno, nyuzi zinazochomoza pembeni, au oili iliyoufikia, lolote kati ya hayo latosha kuubadilisha. Usipojua historia yake, ubadilishe. Ukikatika, vali zinaweza kugonga pistoni, na gharama ya hapo huzidi thamani ya pikipiki nzima. Nafasi ya vali hupimwa injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.16 za kuingiza, 0.25 za kutolea moshi, na kupotoka kwa 0.03 kunakubalika. Zinazobana zaidi kadiri muda unavyokwenda ni za moshi, na vali iliyobana haileti kelele. Ukimya wake usikudanganye. Plagi ni NGK CR8EH-9, nne. Oili ni 10W-40 yenye alama ya JASO MA, ya oili za pikipiki zenye klachi ya kuloa, kwa sababu klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo na oili za magari zenye vilainishi vya ziada huifanya iteleze.

Umeme ndio unaowaacha watu wengi njiani. Pikipiki za mwanzo zina alteneta ya ampea 28, za baadaye ya ampea 40, na ni lazima ujue yako ni ipi kabla hujaongeza chochote. Kwenye ile ya 28, tafuta waya tatu za njano na ufungue kiungio chake cha plastiki. Kikiwa kimegeuka kahawia au kimeyeyuka, kikate, uunganishe waya kwa kuyeyushia risasi ya kulehemu (solda), kisha uvike mpira wa kusinyaa kwa joto. Kiungio kilichochakaa huleta ukinzani, ukinzani huleta joto, na joto huchoma kilichobaki pamoja na regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti. Kipimo ni rahisi: betri iliyopumzika isome volti 12.6 au zaidi. Injini ikizunguka 3,000 isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikizidi 15, regyuleta imekufa na inachemsha betri. Ikibaki 13 na chini huku taa zimewaka, rudi kwenye viungio na waya za ardhi kabla ya kununua alteneta.

Hesabu ya marekebisho hufuata hapo. Ampea 28 kwa volti 14 ni wati 392, na hizo hupatikana injini ikizunguka kwa kasi, si kwenye foleni. Taa, feni, pampu ya petroli na mfumo wa kuwasha plagi huchukua sehemu kubwa. Vishikio vya joto huongeza ampea 3 hadi 4, jaketi la joto 6 hadi 8, taa mbili za LED za wati 20 karibu ampea 3. Ukiwasha vyote pamoja kwenye alteneta ndogo, betri ndiyo italipa, na italipa asubuhi ya baridi mbali na nyumbani. Anayetaka jaketi na taa atafute kwanza pikipiki yenye alteneta ya ampea 40. Kila kifaa kipitie rilei inayowashwa na swichi ya ufunguo, fyuzi iwe karibu na betri, na waya usipungue milimita za mraba 2.5 kwa ampea 15. Viungio vya kubana juu ya waya bila kuukata, vile vya plastiki ya bluu, visiguse pikipiki hii. Hukata nyuzi na kuingiza maji.

Breki za umri huu zinataka paipu mpya. Mpira wa miaka ya 1990 huvimba ukikamua, nusu ya nguvu ya mkono ikaishia humo. Paipu zilizosukwa kwa nyuzi za chuma ni miongoni mwa marekebisho machache tunayoyaona ya lazima. Mafuta ya DOT 4 yabadilishwe kila miaka miwili, ya breki na ya klachi, kwa kuwa klachi nayo ni ya mafuta. Zile zenye ABS (mfumo wa kuzuia gurudumu kujifunga) pamoja na breki za mbele na nyuma zilizounganishwa, ambapo pedali hugusa gurudumu la mbele pia, hutolewa hewa kwa mpangilio maalumu wa kitabu; ukiruka hatua, hewa hubaki juu na pedali huzama.

Shafti inayozungusha gurudumu la nyuma haitaki mnyororo wala sproketi, ila haimaanishi haina huduma. Kila tairi la nyuma linapotoka, safisha meno yanayounganisha gurudumu na gia ya mwisho, kisha paka grisi yenye molibdenamu nyingi, asilimia 60 au zaidi. Grisi ya kawaida hurushwa nje. Ukikuta vumbi jekundu na meno yaliyochongoka kama ya msumeno, ulichelewa, na gurudumu moja safi lililotumika ni nafuu kuliko kujidanganya. Oili ya gia hiyo ni takriban mililita 130 tu, SAE 80 ya haipoidi (oili maalumu ya gia), kwa hiyo hata uvujaji mdogo kwenye sili una maana.

Tairi la nyuma ni 160/70-17, la mbele ni la inchi 18. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita libadilishwe hata kama mistari bado ina kina. Inua gurudumu la mbele ugeuze usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, beringi za usukani zimechimbika. Za roli za mshazari hudumu zaidi na hutuliza mtikisiko unaojitokeza kwenye barabara kuu, ingawa mtikisiko huo mara nyingi huletwa na boksi la nyuma lililojaa kupita kiasi. Vizito vikae kwenye masanduku ya pembeni, chini na mbele. Springi za mbele zimelala baada ya miaka hii yote. Weka mpya zinazolingana na uzito wako, zishuke milimita 30 hadi 40 ukikaa. Kioo kirefu, viti vya kushonwa upya na vinyanyua usukani ni mambo ya mwili wako, ila hakikisha usukani ukigeuka mwisho hauvuti paipu wala kebo. Plastiki za nje zifunguliwe mahali penye joto, kwani zikiwa baridi masikio yake hukatika.

Bima ya Uingereza hutaka kuambiwa kila rekebisho, na Ujerumani baadhi yake lazima yaandikwe kwenye hati kupitia TÜV, shirika la ukaguzi wa vyombo. Fanya hivyo kabla ya safari, na ubebe karatasi.

Halafu itembeze kilomita 200 kwa siku moja, ikiwa na mizigo kamili ya safari, nusu barabara kuu na nusu njia za mji ili ipate joto la foleni. Ukirudi, iache ipoe usiku kucha. Asubuhi weka kadibodi safi chini ya injini na gia ya mwisho, kaza upya vibano vya bondeni unavyovifikia, pima volti ya betri kabla ya kuwasha, na utazame kiwango cha kulanti ikiwa baridi. Kikiwa kimeshuka kidogo mara moja, hewa ilikuwa inatoka. Jaza na urudie. Kikishuka mara ya pili, fungua tena bondeni.