Kuitengeneza miwani ya jua iliyoliwa na chumvi

Miwani ninayoizungumzia hapa ilikuwa ya marehemu baba, aliyeivaa kwa miaka mingi akiendesha baiskeli kati ya Ngamiani na Raskazone, na nilipoitoa sandukuni niliikuta mkono wake wa kulia unaning'inia, huku vile vipande laini vya puani vimegeuka manjano na kukauka. Hapa Tanga kinachoimaliza miwani mara nyingi ni chumvi ya upepo wa bahari ikichanganyika na jasho, nayo huanza na sehemu ndogo, yaani skrubu, bawaba na vipande vya puani, ambavyo kwa kawaida vinaweza kubadilishwa bila kuitupa fremu.

Anza kwa kuiosha. Pitisha miwani nzima kwenye maji yanayotiririka ili chumvi na mchanga viondoke kabla hujagusa vioo, kwa sababu kuvifuta vikiwa vikavu kwa pindo la kanga au la shati, kama wengi wetu tulivyozoea, ndiko kunakovichora. Tia tone la sabuni ya maji, sugua bawaba peke yake kwa mswaki laini, kisha iache ikauke kivulini.

Kubadilisha vipande vya puani si kazi kubwa. Vingine vimefungwa kwa skrubu na vingine huchomekwa tu, kwa hiyo nenda na kile cha zamani kwa fundi miwani ili upate kinacholingana nacho. Chini ya kipande cha baba nilikuta ukoko wa kijani umekishika kishikizo. Ni kutu ya madini yenye shaba, na niliutoa kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa kwenye siki, nikasuuza kwa maji na kukausha papo hapo.

Bawaba ndiyo inayohitaji subira. Fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe, maana skrubu hizi ni ndogo kuliko punje ya mchele na zikianguka sakafuni hazionekani tena. Tumia bisibisi ndogo ya fundi saa ambayo ncha yake inajaa kwenye mfuo wa skrubu, kwani ncha nyembamba mno huulegeza na kuukwangua. Skrubu ikiwa imeshikwa na kutu, usiilazimishe: idondoshee tone moja la mafuta ya cherehani, iache hadi kesho yake, ndipo uigeuze kinyume cha mwendo wa saa. Ukifunga mpya, kaza mpaka mkono ufunguke kwa uzito kidogo, kisha paka tone la rangi ya kucha juu ya kichwa chake ili isilegee kwa mtikisiko wa baiskeli. Iwapo tundu limekwisha meno, fundi anaweza kupitisha skrubu ndefu zaidi na kuifunga kwa nati ndogo upande wa pili. Tafadhali usitumie gundi ya papo hapo kwenye bawaba, kwa sababu itaifunga isikunjike, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo.

Vioo vilivyochorwa sana havisuguliki vikapona. Dawa ya meno inayosifiwa mitaani huondoa utando wa juu na kuzidisha ukungu. Vibadilishe, na uhakikishe vipya vina kinga ya miale ya urujuanimno (UV), ile miale ya jua isiyoonekana inayodhuru macho, hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400, kwani kioo cheusi kisicho na kinga hiyo huifanya mboni ipanuke na kuingiza miale mingi zaidi.

Mwishowe iweke miwani mezani ikiwa imefunguliwa. Ikiyumba, na fremu ikiwa ya plastiki, chovya mkono uliopinda, bila kioo, katika maji ya moto yasiyochemka kwa nusu dakika hivi, ukunje kidogo kidogo, uushikilie mpaka upoe, kisha uirudishe mezani uitazame tena.